Mkwe Aliyenipisha Njia

Tangu Farouk amwoe binti yangu Wavinya, uso wake nilikuwa naujua kwa picha tu. Mgongo ndio nilikuwa naujua vizuri. Nikiingia kwa mlango wa mbele, mgongo unatoka kwa mlango wa jikoni. Nikitokea shambani, mgongo unapotelea kwenye migomba.

Hapa kwetu Mbooni hiyo heshima tunaiita nthoni. Mwanaume na mama wa mke wake hawaangaliani machoni, hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Ni mambo ya zamani. Vijana wa Kikamba wa siku hizi wanaijua nthoni kama wanavyojua zile amri kumi: ukiwabana sana watakutajia mbili.

Lakini Farouk si Mkamba. Amezaliwa Kitui mjini, ila babu yake alitoka pwani kuja kuuza vitambaa, akasahau kurudi. Kwao, Wavinya aliniambia, mkwe anabusu mkono wa mama mkwe na maisha yanaendelea. Sasa alipotaka kuoa huku mlimani, rafiki yake Musembi, mtu wa Kwa Vonza mwenye ulimi mrefu, akamkalisha chini amfundishe desturi zetu. Na Musembi akipika lazima chumvi izidi. Akamwambia ukimwangalia mama mkwe watoto watazaliwa na makengeza. Akamwambia akikusemesha usijibu hata kwa kuguna. Akamwambia ukikutana naye njiani acha njia, hata kama njia ni ya lami. Farouk akameza yote, kama mtoto anayekariri mtihani.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahia sana. Mama mkwe mwenye adabu hukohoa kabla ya kuingia, ili mkwe apate nafasi ya kutoka. Mimi nilikuwa nasahau kukohoa. Siku moja Farouk alitoka kupitia dirisha la stoo akiwa na sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, mkononi, na hata punje moja haikumwagika. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukiwa mjane huku juu, ukungu umekufunika na redio imeisha betri, mchezo kama huo unakupeleka wiki nzima.

Sauti yake pia niliijua kwa neno moja tu. Ana pua nyepesi. Akilala chumba cha wageni vumbi la mahindi linamwingia, anapiga chafya, halafu anasema, "Alhamdulillah." Mimi niko upande wa pili wa ukuta, nasikia. Wavinya anamjibu kitu cha kwao ambacho sijawahi kukishika. Basi, mkwe wangu alikuwa mgongo mmoja na neno moja.

Likizo ya Aprili Wavinya alinipigia simu asubuhi.

"Mwaitu, tulilala Tawa. Leo tunapanda kwako."

"Mnapanda na nini?"

"Na baiskeli. Si nilikuambia?"

"Nilidhani unatania. Gari mmeuza?"

"Hatujauza gari, mama. Ni likizo. Tumetoka Kitui, tumevuka Athi, tunapita juu ya mlima tushukie Wote, halafu turudi kwa njia ya Kibwezi na Mutomo."

"Mtu akienda likizo anapumzika. Nyinyi mnaenda kusukuma vyuma."

"Farouk anasema ukifika kileleni unajisikia uko hai."

"Mimi nimezeekea hapa kileleni, na kuna siku sijisikii chochote. Mtalala hapa?"

"Mwaitu, shida ni nguo. Farouk amevaa zile kaptura za baiskeli. Zinabana."

"Zinabana wapi?"

"Kila mahali. Anasema hawezi kuingia kwako akiwa hivyo. Atapita moja kwa moja, ashuke, anisubiri sokoni huko chini. Mimi nitaingia nikusalimie."

"Mwambie apite tu. Nitafumba jicho moja."

Nilimsikia akicheka, halafu mtandao ukakatika. Huku kwetu mtandao na ukungu havikai nyumba moja.

Nilikuwa naweka maji ya chai wakati Kaloki alipopiga honi langoni. Kaloki ni jirani yangu, huniita Susu, yaani nyanya, na ana pikapu ya kubebea parachichi. Hakushuka hata kunisalimia vizuri.

"Susu, leo sishuki Wote. Barabara imekatika pale kona ya mikaratusi."

"Imekatika vipi?"

"Mvua ya jana. Upande wa bonde umeenda wote. Imebaki njia ya kupita mbuzi. Tumeweka matawi juu kidogo ya kona ili watu wajue."

Nikaacha sufuria motoni.

Acha nikueleze hiyo barabara, ndiyo uelewe. Ukitoka upande wa Tawa unapanda tu, unapanda mpaka unachukia miguu yako. Halafu pale kwenye duka la Nzau, lile la bati jekundu, mlima unaisha ghafla na barabara inaanguka upande wa Wote. Hapo kila mwenye baiskeli anafanya kitu kimoja: anaachilia breki. Amepanda tangu asubuhi, ananyimwaje? Anapita lango langu kama risasi, anateremka, na ile kona haioni mpaka awe ndani yake. Siku ya ukungu haioni kabisa.

Nilishuka na Kaloki kwa miguu kuangalia. Yale matawi yalikuwepo, lakini majani hayakuwepo. Mbuzi wa mlima huu hawajui onyo ni nini, wanajua majani tu. Walikuwa wametafuna kila kitu wakaacha vijiti vyeupe vimelala barabarani, na kijiti cheupe ndani ya ukungu mweupe nani atakiona? Mbuzi wa nani, sitasema. Nilisikia kengele ya mmoja wao ikilia kichakani, na ile kengele naijua, nilinunua mwenyewe.

Mbele ya vijiti, barabara ilikuwa imeng'atwa. Nilitupa jiwe. Sikulisikia likifika.

"Kaloki, panda ukate matawi mengine. Makubwa. Kata ya mkaratusi, mbuzi hawaupendi."

"Na wewe?"

"Mkwe wangu anakuja na baiskeli."

Nikampigia Wavinya. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia nijaribu baadaye. Nikampigia Farouk, ambaye namba yake nilikuwa nayo lakini sijawahi kuipiga. Yule yule mwanamke. Nikapanda hadi chini kidogo ya lango langu, nikasimama katikati ya barabara, nikavua leso yangu nyekundu, nikasubiri.

Huwa natia ugoro kidogo puani. Nasema hapa kwa sababu itabidi mjue. Akina mama wa kanisa hawajui. Naufunga kwenye pindo la leso, na nikiwa na wasiwasi vidole vinaenda huko vyenyewe. Asubuhi ile vilikwenda na kurudi, vikaenda na kurudi. Nilikuwa nafikiria Wavinya. Baba yake alipokufa hakulia mbele ya watu. Aliacha kula, tukambembeleza kama ndama. Huyu mume ndiye alimrudisha kwenye chakula. Nikajiona kwa macho ya moyo nikimwambia mwanangu: mume wako ameingia bonde la kona ya mikaratusi, na mimi nilikuwa nachemsha chai.

Nikalisikia gurudumu kabla ya kuliona. Gurudumu lile lina sauti kama panzi wengi, tiki tiki tiki. Kisha akatokea ukunguni, mtu mwenye kofia ngumu ya njano na miguu mirefu, ameinama juu ya usukani, anatabasamu peke yake. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu. Kaptura ilikuwa inabana kweli.

Nikapunga leso. Akaniona. Naapa aliniona, kwa sababu alianza kushika breki, ile baiskeli ikalia kama mbwa aliyekanyagwa, akapunguza, akapunguza, mguu mmoja ukatoka ukitafuta chini. Kwake nilikuwa mama yeyote wa mlimani anayesimamisha watu.

Halafu nikapiga kelele. "Farouk! Simama!"

Aliijua sauti. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza mimi na mkwe wangu tukaangaliana uso kwa uso. Nikaona hofu ikimshika, na haikuwa hofu ya bonde. Akageuza uso haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mtu anaoga. Akakumbuka mafundisho ya Musembi, akanipisha njia.

Ukigeuza uso juu ya baiskeli, na baiskeli inageuka. Akaacha barabara kwa adabu zake zote, akaruka ukingo wa tuta la kwanza la shamba, akaruka na la pili, na mparachichi wa Nzau ukamsimamisha.

Nilishuka yale matuta kwa makalio. Alikuwa amelala ubavu, kofia imepasuka vipande viwili kama kibuyu, damu inatoka sikioni. Macho yamefumbwa. Kifua kilikuwa kinapanda, lakini kidogo sana, kidogo kama cha kuku anayeatamia.

"Farouk."

Kimya.

"Mwanangu, unanisikia?"

Kimya. Na hapo ndipo ubaya wa jambo lile ulipoanza kunitafuna. Mtu mwingine yeyote ukimwita asijibu, unajua amezimia. Lakini huyu hajawahi kunijibu akiwa mzima! Sikujua kama ni heshima au ni kifo.

Kaloki alinisikia nikipiga ukemi, akaja akikimbia na panga lake mkononi. Tukamfunga kichwa kwa leso yangu na shati la Kaloki, tukampandisha, tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia ya parachichi. Hospitali iko chini, upande ule wa Tawa walikotoka.

"Susu, panda nyuma umshike kichwa," Kaloki akasema. "Na usimwache alale. Mtu aliyegonga kichwa akilala, anaweza asiamke."

"Nitamzuiaje?"

"Mwongeleshe! Mfanye ajibu."

"Kaloki, huyu ni mkwe wangu."

"Susu, wacha hayo! Panda!"

Basi nikakaa kwenye magunia, nikakiweka kichwa cha mkwe wangu mapajani. Kama baba ya Wavinya angefufuka dakika ile angekufa tena. Pikapu ikapanda hadi kileleni, ikaanza kuteremka upande wa Tawa, na mimi nikaanza kuongea.

Nilimwongelesha kwa upole kwanza. Nikamuuliza habari za Kitui. Nikamuuliza kama mvua imewafikia. Kimya. Nikaona upole haufai, nikageukia matusi. Nikamwambia watu wa kwao wanatia nazi kila mahali, siku moja watatia kwenye chai. Nikamwambia babu yake hakusahau njia ya kurudi pwani, alifukuzwa. Nikamwambia kuhusu dirisha la stoo, kwamba nilimwona, kwamba nilikuwa nimesimama pale makusudi. "Jibu basi! Nitukane! Leo unaruhusiwa." Kope moja ikacheza, au ilikuwa ni pikapu iliyoruka shimo. Gauni langu lilikuwa limeloa damu hadi magotini. Nikajikuta nimenyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Chini ya duka la Nzau tukakutana na Wavinya. Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli anaisukuma, uso unang'aa kwa jasho. Aliponiona nyuma ya pikapu akaanza kucheka, akainua mkono. Kisha akaona nimeshika nini.

"Mwaitu! Mbona umemshika Farouk?"

Hata yeye, jambo la kwanza aliloona ni nthoni. Damu aliiona baadaye. Aliitupa baiskeli mtaroni, akaparamia gari kabla halijasimama, akapiga magoti kwenye parachichi.

"Farouk. Farouk, ni mimi. Fungua macho. Mume wangu, ni mimi."

Tukasubiri sote wawili. Mimi nilikuwa na tumaini moja tu lililobaki: kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kwa ajili yangu. Sasa mke wake alikuwa hapa, mke ambaye humjibu hata akiwa na mswaki mdomoni. Hakumjibu.

Wavinya akaniangalia. Sitaki kuangaliwa hivyo tena. "Mwaitu, anapumua?"

Sikuweza kuona kifua kikipanda. Gari lilikuwa linarusha kila kitu. Nikafanya kama tunavyofanya kwa mtoto mchanga aliyelala kimya sana: nikaweka vidole chini ya pua yake nisikie pumzi. Vidole vile vile vilivyoshinda asubuhi nzima kwenye pindo la leso.

Nilingoja. Nikahisi kitu chembamba, baridi, kikiingia. Kisha uso wake ukakunjamana wote, mdomo ukafunguka, na mkwe wangu akapiga chafya iliyotikisa magunia.

"Alhamdulillah," akasema.

Ni lile neno langu. Ila mara hii hakukuwa na ukuta.

Wavinya akalia kwa sauti, na katikati ya kulia akamjibu yale maneno yao. Mimi sikuyajua, nikasema, "Amina," nikaona Mungu atajipangia mwenyewe.

Halafu Wavinya akanusa. Ana pua ya baba yake. Akaushika mkono wangu, akaugeuza. "Mama, hii ni nini vidoleni?"

"Ni dawa."

Farouk hakufungua macho. Midomo ndiyo ilisogea. "Ni ugoro," akasema.

Kwa hiyo neno la kwanza mkwe wangu alilosema mikononi mwangu lilikuwa la kumshukuru Mungu, na la pili la kunichongea. Nikamwambia aendelee hivyo hivyo, ataje makosa yangu yote mpaka hospitalini, hayataisha. Akajaribu. Alitaja dirisha. Kumbe alijua.

Ningependa kuishia hapo, na wengi nikiwasimulia naishia hapo, tunacheka, tunakunywa chai. Lakini mambo hayakuishia hapo.

Walimlaza, kisha wakampeleka hospitali kubwa zaidi. Siku nyingi tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mimi na Wavinya, na thermos ya uji katikati yetu. Siku moja, bila kuniangalia, akaniuliza, "Kwa nini ulimwita jina?"

"Ningemwitaje?"

"Ungejifunika uso na leso. Ungepunga mkono tu, bila kuongea. Angedhani ni mama yeyote. Si alikuwa anasimama?"

Alikuwa anasimama. Mguu ulikuwa umetoka. Nilitafuta mzaha wa kumjibu, nikatafuta kote ninakowekaga mizaha, sikupata. Nikamwambia, "Kona ilikuwa imekatika." Akasema, "Najua, mama." Akanimiminia uji. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena, na mimi nasubiri kila siku aniulize.

Sikio la kushoto halikurudi. Mkono wa upande huo unaangusha vikombe. Baiskeli zote mbili ziko stoo kwangu, kuku wanalala juu ya ile ya Wavinya. Kona walikuja kuitengeneza Juni, kwa mawe, vizuri sana, ungepita hata na lori.

Agosti walikuja, kwa gari. Nilikuwa nimeenda kuchota maji. Niliporudi nikaona viatu vya mwanaume mlangoni, na Wavinya shambani anachuma kunde. Nikatua mtungi. Nikasimama nje ya mlango wangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wangu, nikakohoa. Nilikohoa vizuri, kikohozi kirefu cha mama mwenye adabu, nimpe nafasi ya kutoroka.

Hakuna kiti kilichosogea. Hakuna mlango wa jikoni.

Nikajiambia, basi, amekubali, yameisha. Nikachungulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, na lile sikio la kushoto ndilo lilikuwa upande wa mlango. Hakuwa amekubali chochote. Hakunisikia.

Ningeweza kurudi shambani. Nilifikiria hivyo. Badala yake nikazunguka nyumba, nikapita jikoni, nikasimama upande wa pili, nikakohoa tena.

Akashtuka, chai ikamwagika. Akaangalia mlango wa mbele. Akaangalia stoo.

"Lile dirisha nimelipigilia misumari," nikamwambia.

Kisha akaweka kikombe chini, polepole, akageuza uso kunielekea na kuinamisha kichwa kidogo.

"Sema tena, mama," akasema. "Huku. Kwa sikio hili."

Nikasogea karibu.